Jicho la Punda

Tangu Jumatatu hakuna mtu aliyetembea kawaida katika vyumba viwili vya fundi. Walikuwa wakirukaruka. Mkewe alipika huku akiimba, akaunguza, akaimba tena. Fundi mwenyewe alianza kunyoa ndevu, akakumbuka jambo kuhusu masikio ya punda, akakimbia kulichora, na tangu hapo akazunguka na ndevu za upande wa kushoto bila mtu wa kumwambia. Hata Bi Mkubwa, mama yake fundi, ambaye furaha yake hutoka kwa kipimo, alionekana akimwagilia maji chungu kisichokuwa na ua.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa daktari wa wanyama. Mama huyo alikuwa anafungua kliniki mpya mtaa wa pili, na badala ya kuwapa wageni wake kalamu au vikombe vyenye jina lake, alitaka kila mmoja aondoke na picha ya punda iliyochapwa kwa mkono kutoka kwenye ubao wa kuchongwa. Picha hamsini, Jumamosi saa nne asubuhi. Karatasi alileta mwenyewe, hamsini na nne, nzito na laini, zilizotoka mbali naye akazipakata safari nzima. Alisema kwa upole kwamba zikiharibika hana nyingine, kisha akasema kwa upole uleule kwamba picha zikimridhisha atataka mnyama mpya kila mwezi, mwaka mzima.

Mwaka mzima. Kwa miaka sita fundi alikuwa akipiga msasa milango kwenye karakana ya tajiri mmoja aliyemwita "wewe wa vumbi". Kuku wake, mbuzi wake na paka wake wa mbao alikuwa akiwachonga jioni na Jumapili, na wengi wao waliishia ukutani kwa shemeji. Alipoomba ruhusa ya wiki moja, tajiri alimuuliza mbele ya wenzake kama anakwenda kumchora huyo punda au kumuoa. Wenzake walicheka mpaka wakaegemea milango. Kazi hii ikipita, fundi hatashika tena msasa wa mtu. Ikigoma, Jumatatu atarudi kichwa chini, na kuanzia geti mpaka choo cha karakana watamlilia kama punda hadi siku atakayostaafu.

Basi wakajifungia na punda wao. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ina ukatili wake. Ubao ni mmoja na rangi ni tatu. Kwanza fundi huchimba kila mahali panapotakiwa kubaki peupe: tumbo, pua, ule mviringo wa manyoya meupe unaozunguka jicho la punda. Mkewe hupaka ubao wino wa njano kwa rola, hulaza karatasi juu, husugua mgongo wa karatasi kwa mwiko mpaka bega limuume, huivua polepole, huianika kwa vibanio vya nguo. Zikishachapwa karatasi zote, fundi huurudia ubao uleule, huchimba panapotakiwa kubaki njano, zinachapwa zote tena kwa kahawia. Kisha huchimba tena, zinachapwa kwa nyeusi. Kila hatua hula mbao ya hatua iliyopita. Ukikosea huna pa kurudi, maana ubao wa jana haupo tena duniani.

Na kuna jicho. Mnyama wa mbao huwa hai kwa nukta moja nyeupe iliyo ndani ya jicho, ndogo kama punje ya ulezi, nayo sharti itobolewe mwanzo kabisa kabla ya tone la kwanza la wino. Katika nyumba ile nukta hiyo ilikuwa ya Bi Mkubwa. Fundi humaliza mnyama wake, humwita mama, humpa kisu chembamba, watu hunyamaza, naye huitoboa kwa mkato mmoja na kurudi kwenye kiti chake. Ilikuwa hivyo tangu enzi za marehemu mumewe, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Safari hii hakuitwa. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha tangu asubuhi ya Jumatano, miwani imeshafutwa, akisikia rola ikikwaruza chumba cha pili, na akajiambia kwamba labda bado wanajaribu wino.

Alhamisi asubuhi, karatasi zote hamsini na nne zikiwa zimening'inia kwenye kamba kutoka dirishani mpaka mlangoni, mke wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Wino kwa sababu ya kucha zake, aliinama kupita chini ya kamba akiwa na birika la chai. Akasimama. Akarudi nyuma. Akapita tena taratibu, akiwatazama punda mmoja mmoja usoni. Walikuwa njano tupu, na ndani ya kila mviringo mweupe jicho lilikuwa njano tupu pia, bila nukta.

Aliweka birika sakafuni. "Fundi," alisema, "nukta iko wapi?"

Fundi alikuwa anakunja mikono ya shati tayari kuchimba kwa hatua ya pili. Alicheka, maana wiki hiyo alikuwa anachekea kila kitu. Kisha akatazama. Kisha akaangalia ubao, kana kwamba nukta ingeweza kuwa imejificha huko. Mwisho alikaa juu ya kopo la wino, nalo kwa bahati lilikuwa limefungwa.

Wote wawili walikuwa wamechapa wanyama wa kutosha kuijua hatari, lakini Mama Wino alitaka ushahidi. Alichukua karatasi iliyokuwa imepinda ukingoni, akachovya kidole kwenye wino mweusi na kulijaza jicho, ili waone litakavyokuwa mwisho wa kazi. Wakarudi nyuma hatua mbili. Punda aliwatazama bila kuwaona. Alikuwa amekufa. Alikuwa amesimama vizuri kwa miguu yake minne, masikio yake ya kupendeza yamelala nyuma, shingo ameinyoosha, na amekufa.

"Kliniki ya wanyama inafunguliwa," Mama Wino alisema polepole, "na wageni hamsini wanapewa kila mtu maiti ya punda aende nayo nyumbani."

Hapo kicheko kilimpanda. Hakikuwa kicheko cha furaha lakini kilikuwa na nguvu zilezile. Alijibanza ukutani akacheka huku machozi yanamtoka, na fundi, ambaye alitaka sana kulia, akajikuta naye anacheka kwa kumtazama. Walizibana midomo ili Bi Mkubwa asisikie.

Walijaribu kila walilolijua. Fundi alipendekeza kuiacha nukta iwe njano, ichimbwe sasa katika hatua ya pili. Wakaijaribu kwenye karatasi ileile kwa tone la wino wa njano, na punda akafufuka kweli, lakini kwa jicho lile la njano kila mtu angeona kuwa ana ini bovu. Mama Wino akakumbuka wino mweupe wa kufutia makosa ya kalamu. Alikimbia dukani na khanga imegeuka, akarudi nao, akadondosha tone. Punda akatoa macho kama aliyeshtuliwa akiwa bafuni. Tone lilipokauka lilibanduka, likaanguka, likabaki shimo. Zaidi ya hayo daktari alikuwa amesema wazi kwamba hataki brashi wala kalamu juu ya picha zake, anataka chapa tupu.

"Lakini ulisahauje?" Mama Wino aliuliza. Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mama yuko hapo tangu jana. Mimi nilikuona unabeba ubao, nikajua ameshaitwa. Hukumwita?"

Fundi alikuna kisogo. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba hakusahau. Alikusudia. Mara ya mwisho mkono wa mama ulitetemeka, kisu kikateleza na kondoo akapata jicho shavuni. Kwa kazi kubwa kama hii aliogopa, akaona bora atoboe mwenyewe kimyakimya, mama akienda kuoga. Kisha daktari akapiga simu kuuliza wanaendeleaje, furaha ikampanda kichwani, akacheza kidogo na kiti, na alipourudia ubao aliubeba moja kwa moja mpaka kwenye rola ya mkewe.

"Kwa hiyo umemzunguka mama yako," mkewe alisema, "halafu na kazi yenyewe hukuifanya."

"Nimemzunguka."

"Basi nenda kamwambie wewe. Mimi mdomo huo sina."

Hawakuhitaji kwenda. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango, miwani usoni. Alipita chini ya kamba kama mkaguzi, akatazama punda watatu au wanne, akamfikia yule wa majaribio mwenye jicho lililobanduka. Akamtazama huyo kwa muda mrefu kuliko wote.

"Huyu naye amefanywa nini?" aliuliza.

Fundi akaanza. Alisema yote, la kondoo na la kuoga, akizunguka kwanza halafu akinyoosha. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mbili mwenye ndevu upande mmoja, na aliona haya mpaka kwenye nyayo.

"Mkono ni wangu," Bi Mkubwa alisema alipomaliza. "Najua unavyotetemeka, chai ninamwagikiwa mimi. Ungeniambia, mwanangu. Ungesema, mama, kisu nipe mimi, wewe kaa hapa uangalie. Mimi ningekaa. Lakini umeniacha dirishani siku nzima nimefuta miwani, nangoja kuitwa kama mgonjwa wa foleni. Hilo ndilo limeniuma. Punda ni wako."

Fundi alisema nisamehe mama, akasema tena, na safari ya tatu alishindwa kuimaliza. Mama Wino aligeuka kuangalia kamba. Bi Mkubwa alimwacha mwanawe aumie kwa muda aliouona unatosha, ambao haukuwa mfupi, kisha akavuta kiti.

"Jicho kwenye ubao limeguswa?"

Halijaguswa. Pale palikuwa bado mbao nzima, duara zima ndani ya mviringo.

"Basi lifumbe."

Wakamtazama. Alirudia, kwa subira ya mtu anayezungumza na wagonjwa. Jicho lisilokuwa na nukta halifai kuwa wazi, basi lisiwe wazi. Fundi alisema punda aliyefumba macho amesimama atafanana na aliyelala, au vilevile aliyekufa, ila amekufa kwa adabu. Bi Mkubwa alisema anayesema hivyo hajui punda. Yeye utotoni mwake alichota maji na punda miaka saba, na punda hufumba macho akiwa wima kwa sababu moja tu, nayo ni pale anapokunwa panapoanzia shingo. Hapo shingo huinyoosha, masikio huyalaza, mdomo wa juu humrefuka wenyewe na wa chini huning'inia, na ukiacha kumkuna anakusukuma.

"Shingo huyu amenyoosha tayari," alisema akimwonyesha mmoja kwenye kamba. "Masikio ameyalaza. Kinachokosekana ni mkunaji na uso."

"Uso unakuwaje?" fundi aliuliza. Alikuwa ameshashika kalamu ya risasi na mkono ulikuwa umeanza kumwasha. Alichora jicho lililofumbwa kwenye kipande cha karatasi. Bi Mkubwa akasema huyo anapiga chafya. Akachora jingine. Huyo anasali. La tatu lilikuwa la mtu aliyepakwa sabuni. Bi Mkubwa alijaribu kueleza kwa maneno, kwa vidole, akaishiwa. Akavua miwani.

"Mkwe wangu, njoo unikune."

Mama Wino alisema wapi mama. Akaambiwa shingoni kwa nyuma, kwa kucha, na asione haya. Basi akasimama nyuma ya kiti na kumkuna mkwewe shingo kwa kucha zenye wino wa njano, mwanzo kwa heshima, kisha, alipoambiwa huyo ni kuku anaparura, kwa nguvu za kweli. Bi Mkubwa aliinyoosha shingo mbele. Macho yakafumba yenyewe. Kope zikashuka, mikunjo midogo ikajitokeza kwenye kona ya jicho, mdomo wa juu ukarefuka, ukapapasa hewa, wa chini ukalegea mpaka jino lake moja la chini likaonekana. Ilikuwa ni raha tupu, raha ya mnyama aliyetuliwa mzigo na kukumbukwa.

Fundi alichora. Alichora akitetemeka kwa kicheko alichokuwa akikimeza, kalamu ikikimbia, na mkewe alipoona kinachotokea kwenye karatasi alisahau kukuna. Bi Mkubwa, macho yamefumba, akamsukuma kwa kisogo.

Hapo nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Mama Wino alikaa sakafuni palepale kando ya birika. Fundi alishika tumbo. Bi Mkubwa alifumbua macho, akawatazama, akauliza kwani nini, kisha alipojua nini, alicheka mwenyewe kicheko chembamba kilichopanda na kushuka, hee-ho, hee-ho, na kadiri alivyojua kinafanana na nini ndivyo alivyoshindwa kukizuia. Jirani wa chumba cha tatu aligonga dirisha kuuliza kama kuna msiba. Mama Wino alimjibu kutoka chini kwamba hapana, wanafanya kazi.

"Sasa sikilizeni," Bi Mkubwa alisema alipopata pumzi. "Mtu akijua huyo ni mimi, nitaikataa hii familia yote. Sitaki kusikia mtaani kwamba mwanangu amenifanya punda."

Wakamwahidi.

Kazi ya siku mbili zilizobaki ilikwenda mbio. Fundi alichimba kope kwa patasi yake ndogo kuliko zote, mama yake ameketi kando akisema hapo, punguza, hapo, acha, usiguse tena. Mstari wa mdomo ulikuwa bado mnene, akaupunguza mpaka ukalegea na jino moja la njano likachungulia. Rangi ya kahawia iliingia Alhamisi alasiri na nyeusi Ijumaa asubuhi. Mama Wino alisugua mpaka mwiko ukapata joto, na kila alipovua karatasi iliyokamilika walikusanyika watatu kuitazama, na kila mara mmoja wao alilazimika kutoka nje apunge hewa. Tatu ziliharibika. Ukijumlisha na ile ya majaribio ni nne, zikabaki hamsini kamili. Wakati fundi anaoga Ijumaa mchana ndipo alipogusa shavu lake na kugundua ndevu, na akatoka bafuni akiuliza kwa hasira ni nani alikuwa anajua.

Jumamosi saa nne kasorobo walisimama watatu mbele ya meza ya daktari, wamevaa nguo za kutokea. Kliniki ilinuka rangi mpya na dawa. Daktari alifungua kifurushi akachukua picha ya juu, akaishika karibu na dirisha.

Aliisogeza usoni, akaisogeza mbali. Fundi aliisikia sauti ya tajiri wa karakana ikimwita wa vumbi. Alianza kueleza kwamba jicho, daktari, kuhusu jicho, sisi kwa kawaida, lakini daktari aliinua kidole bila kumtazama. Alichukua picha ya pili, akailinganisha na ya kwanza. Akaita msaidizi wake. Msaidizi alitazama, akaziba mdomo, mabega yakamcheza.

"Nimewatibu punda miaka ishirini," daktari alisema mwishowe. "Kila anayemchora, anamchora na mzigo. Au anamchora mjinga. Huyu anakunwa." Akagusa kona ya jicho kwa kidole. "Lakini huyu si wa kubuni, fundi. Mimi ni daktari, nyuso nazijua. Huyu ni mmoja, ana mwenyewe, ana umri, hata jino lake ni moja. Huyu punda ni nani?"

Fundi alisema ni punda wa kawaida tu, wa barabarani, wengi wapo. Masikio yalikuwa yakimuwaka moto. Mama Wino alivutiwa ghafla na taa ya darini. Daktari alisema hapana, wa barabarani hawana uso wa namna hii, na anaomba kumjua, maana ndiye atakayemtundika mlangoni pa kliniki, na si vizuri kumtundika mtu usiyemjua. Fundi aliona mwaka wake mzima umesimama kwenye uongo mmoja ambao hakuwa ameuandaa.

Bi Mkubwa alisogea mbele. Alijiweka sawa khanga, akavua miwani ili aonekane vizuri.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Daktari alimtazama mama, akatazama picha, akamtazama mama tena, taratibu, kama anavyomtazama mgonjwa anayemheshimu. Bi Mkubwa akaongeza kwamba anayemkuna ni huyu mkwe wake, ila hakutokea kwa sababu karatasi iliisha, na aliyechonga ni mwanawe.

Daktari aliweka picha juu ya meza. Alizunguka, akavuta kiti chake mwenyewe cha magurudumu, akamshika Bi Mkubwa mkono na kumkalisha. Kisha akainama na kumuuliza, kwa heshima zote, kama mwezi ujao angekubali kuwa ng'ombe.